Lori la Mbao Lilipata Barabara Kabla ya Ayeeyo

Wasee, wiki mbili zilizopita niliweka video fupi nikisema sitaki hata shilingi moja ya kodi yangu ijenge barabara ya kuingiza malori ya magogo kwenye msitu wa umma. Sekunde arobaini tu. Nikalala. Kuamka, simu imejaa, na ya kwanza kabisa ni sauti ya abti yangu kwa WhatsApp, dakika tatu na nusu, upepo wa dirisha la lori unavuma nyuma yake.

"Abti," akaniambia (kwetu mjomba na mpwa wanaitana jina lilelile, msishangae), "wewe umezaliwa Garissa. Garissa! Unakataaje barabara? Umesahau Kona Punda?"

Sijasahau Kona Punda. Kama hujui, ni kipande cha barabara ya Nairobi upande wa Madogo, kabla hujavuka daraja la Tana kuingia mjini. Novemba 2023 mvua ya El Niño ilikikata. Mabasi yakakwama ng'ambo, bei ya nyanya ikapanda kila asubuhi, watu wakawa wanavushwa kwa mashua mahali ambapo wiki iliyopita matatu zilikuwa zinapigiana honi. Aprili 2024 maji yakarudi, na mashua moja ikapinduka hapohapo na watu wakafa. Shamba la ayeeyo, nyanya yangu, liko kando ya mto: ndizi, maembe, na tikiti maji msimu wake. Lililiwa na mto mwaka ule wa 2023, migomba na pampu ya maji pamoja. Pampu ilikuwa bado ina deni.

Kwa hivyo abti ana haki ya kuniuliza, na ndio maana leo naandika badala ya kurekodi. Jibu lake halitoshi kwa sekunde arobaini, na haliwezi kueleweka bila historia. Vumilieni, hii itakuwa ndefu.

Nianze na abti mwenyewe. Miaka ya tisini, kabla sijazaliwa, alikuwa tanboi halafu dereva wa lori la mbao. Walikuwa wanapakia Elburgon, upande wa Mau, wanashusha Nairobi, na mara mojamoja mzigo unafika mpaka Garissa kwa sababu hata huku watu wanajenga. Anachokumbuka zaidi ya baridi ya Elburgon ni barabara. Anasema ndani ya msitu, kule ambako hakuna hata duka la sukari, kulikuwa na njia zilizopigwa greda, zina mitaro na kalavati, kwa sababu lori la magogo likikwama kiwanda kinasimama. Halafu anashuka na mbao zake mpaka kwetu, na akitaka kwenda kumsalimia dada yake Wajir, anaingia mchanga. Siku mbili, wakati wa mvua hata wiki. Mara nyingi nimemsikia akisimulia hii kama kichekesho. Juzi tu ndio nimeanza kuisikia kama hesabu.

Ni nani aliyelipia lile greda?

Turudi nyuma sana. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwisho wa 1901, na mlipa kodi wa Uingereza alikuwa ametoa zaidi ya pauni milioni tano. Injini zake zilikuwa zinakula kuni. Kwa hivyo msitu ulikuwa mafuta ya reli, na reli ilikuwa mlango wa msitu. Muda si mrefu akaja Ewart Grogan, yule jamaa aliyejulikana kwa kutembea kutoka Cape mpaka Cairo, akapewa haki ya kukata miti kwenye eneo kubwa karibu na Eldama Ravine na Londiani. Msitu haukuwa wake. Wenyewe walikuwa wakiishi humo, wakirina asali humo, na hakuna aliyewauliza. Kampuni yake ya kupasua mbao ikaweka kiwanda Maji Mazuri.

Sasa angalia ramani. Reli ya Uasin Gishu, iliyofika Eldoret mwaka 1924, ilipanda mlima mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, moja ya stesheni za juu kabisa Afrika. Ilipita Maji Mazuri. Ilipita katikati ya misitu ya mbao na mashamba ya masetla. William McGregor Ross, ambaye mwenyewe alikuwa mkurugenzi wa kazi za umma wa koloni, alistaafu akaandika kitabu mwaka 1927 akiilalamikia serikali ileile aliyoitumikia, na njia ya reli hiyo ni moja ya mambo yaliyomchoma. Deni lake liliwekwa kwenye vitabu vya koloni, na vitabu vya koloni vililishwa na kodi ya kibanda na kodi ya kichwa iliyotolewa na Mwafrika. Mkamba na Mluo wanalipa, gogo linasafiri.

Na sisi? Sisi tulikuwa NFD, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Tulifungiwa. Sheria ya 1902 ya wilaya za pembeni, halafu ile ya 1934 ya wilaya maalum, zilimaanisha kwamba mtu haingii wala hatoki bila kibali. Barabara zetu zilikuwa za doria: gari la DC na askari wake. Baada ya uhuru hali ya hatari ikatangazwa kwetu siku ya 28 Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya bendera kupanda, na zile sheria zake ziliondolewa 1991. Mama yangu amekulia ndani ya hiyo miaka. Akisikia neno "maendeleo" huwa anacheka kwanza.

Kati ya hapo kuna karatasi moja ambayo kila kijana wa Kaskazini Mashariki anapaswa kuijua kama anavyojua namba yake ya kitambulisho (ukikipata hicho kitambulisho, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine). Inaitwa Sessional Paper namba 10 ya 1965. Serikali ya uhuru ilisema humo, kwa lugha laini ya wachumi, kwamba pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa zaidi: penye mvua, penye udongo mzuri, penye barabara na umeme tayari. Soma hiyo mara mbili. Penye barabara ndipo patakapopewa barabara.

Na msitu wa nyanda za juu una mvua, una udongo, una barabara. Kwa hivyo ukapata.

Kuanzia mwisho wa miaka ya sitini serikali ilikopa Benki ya Dunia kwa ajili ya mashamba ya miti ya saipresi na paini. Ukikopa kwa jina la nchi, anayelipa ni nchi, mpaka mchungaji wa Hulugho ambaye hajawahi kuona saipresi. Shabaha kubwa ilikuwa kiwanda cha karatasi cha Webuye, Pan Paper, kilichoanza kuzalisha katikati ya miaka ya sabini. Serikali ilikuwa na hisa humo, pamoja na wawekezaji kutoka India na tawi la Benki ya Dunia la mikopo ya kampuni. Miti ikawa inauzwa kwa mrabaha uliopangwa ofisini, si kwa mnada. Yaani duka ni letu, bidhaa ni yetu, njia ya kufika dukani tumeichonga sisi, halafu bei anaamua mtu aliyekaa meza moja na mnunuzi.

Mwaka 1999 Rais Moi alipopiga marufuku ukataji, ulitolewa msamaha kwa kampuni chache kubwa: Pan Paper, Timsales, Raiply. Mwenye msumeno mdogo akazimishwa, mwenye barabara akaendelea. Na bado Pan Paper haikupona. Ilifunga milango 2009, ikajaribiwa kufufuliwa, mwishowe ikauzwa 2016. Webuye wakabaki na harufu na mabati yaliyooza. Milima iliyozunguka ikabaki na njia za malori.

Hapa ndipo napenda watu wa bajeti wanisikilize. Huwa tunaambiwa msitu unaleta mapato. Sawa, leta hesabu yote basi. Weka upande mmoja mrabaha uliolipwa. Weka upande wa pili greda, changarawe, kalavati, mishahara ya walinzi, mkopo na riba yake, udongo uliojaa kwenye mabwawa. Nyumbani kwangu hata ayeeyo, ambaye hajakaa darasani, anajua kwamba ukiuza mbuzi elfu nane na umemlisha kwa elfu kumi, hujafanya biashara. Umemlisha mbuzi wa mwenzako.

Na tusidhani ni ujinga wa Kenya peke yake. Marekani, Huduma ya Misitu ya nchi hiyo ina barabara za msituni zaidi ya kilomita 500,000. Ukizinyoosha zinazunguka dunia zaidi ya mara kumi na mbili, na nyingi zilichongwa ili kutoa magogo. Kule Alaska, kwenye msitu wa Tongass, sheria ya 1980 ilihakikisha dola milioni 40 kila mwaka za kusaidia ukataji, mpaka bunge lao lilipoona aibu na kuifuta 1990. Mwaka 2001 wakatunga kanuni ya kuzuia barabara mpya kwenye karibu hekta milioni 24 za misitu ambayo bado haijachongwa, na mwaka 2025 serikali yao ikatangaza inataka kuifuta. Hao ni matajiri, wana wahasibu kila kona, na bado walikuwa wanauza mti kwa bei iliyo chini ya gharama ya njia ya kuufikia. Sembuse sisi.

Sasa mtaniuliza, Mau na Webuye zinahusiana nini na Garissa? Kaka, mto. Dada, mto.

Tana inaanza Aberdare na Mlima Kenya. Gura, Chania, Mathioya, Maragua, Sagana, yote inashuka kutoka kule juu, inaingia kwenye mabwawa: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Halafu kilichobaki kinakuja kwetu. Sisi hatuna mto mwingine wa kudumu. Garissa ipo pale ilipo kwa sababu ya Tana tu. Maji ninayonywa yameteremka kutoka kwenye msitu ambao sijawahi kuukanyaga.

Barabara ya msituni inafanya nini kwa maji? Haihitaji shahada. Udongo wa msitu ni kama godoro, unanyonya mvua na kuiachilia polepole. Pitisha lori la tani ishirini kila siku na godoro linakuwa sakafu. Mvua inateleza, inaingia mtaroni, mtaro unaipeleka mtoni kwa kasi pamoja na udongo mwekundu. Masinga, lililomalizwa 1981, limekuwa likijaa matope tangu lizaliwe. Bwawa lililojaa matope linafurika haraka, na likifurika tunapigiwa simu Garissa: ondokeni kingo za mto. Sisemi barabara moja ndiyo iliyokula shamba la ayeeyo. 2023 ilikuwa El Niño, na 1997 ilikuwa El Niño, na wazee wanaikumbuka 1961 pia. Lakini godoro likiwa zima mvua ileile inafika kwa adabu.

Ndiyo maana nimefuatilia sana ile barabara ya Ihithe hadi Ndunyu Njeru. Inatakiwa kuunganisha Nyeri na Nyandarua kwa kukatiza ndani ya Aberdare. Ihithe, kwa wasiojua, ndiko alikozaliwa Wangari Maathai. NEMA ilitoa leseni mwanzoni mwa 2024, watu wa mazingira wakaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ujenzi ukasimamishwa. Wenyeji wengine wanaitaka kwa moyo wote, wana viazi na kabichi zinazooza, na siwezi kuwacheka, mimi wa Kona Punda. Pia hakuna mahali imeandikwa kwamba ni barabara ya mbao. Lakini njia haimwulizi dereva amebeba nini. Mwaka 1953 jeshi la Uingereza lilichonga njia ndani ya Aberdare kuwasaka wapiganaji wa Mau Mau. Vita viliisha, njia zikabaki, na njia iliyoko huwa inapata wa kuitumia.

Halafu kuna ile ya 2018. Serikali ilisimamisha ukataji kwenye misitu ya umma Februari ile, jopo likaundwa, likazunguka nchi, likatoa ripoti iliyoilaumu vikali Huduma ya Misitu kwa ufisadi. Julai 2023 rais akatangaza marufuku imeondolewa. Wiki chache mbele mahakama ikasema ngoja kwanza, baada ya Chama cha Wanasheria kwenda kulalamika. Katika makelele yote yale, wa ajira huku, wa hali ya hewa huku, sikusikia mtu akiuliza bei ya barabara. Mwenye kiwanda akitaka saipresi iliyokomaa kwenye shamba la miti lililopandwa kwa ajili ya kukatwa, sina shida naye. Anunue kwa mnada, na achonge njia kwa pesa yake. Ninachokataa ni njia ya umma kusukumwa ndani ya msitu wa asili, ule ambao hakuna aliyeupanda.

Na hapa nafika nyumbani kabisa, kwa sababu msiseme nazungumzia miti ya watu wengine.

Vuka daraja, shuka na mto kusini, utafika Bura. Upande wa Tana River, sio Bura yetu ya Fafi. Mwisho wa miaka ya sabini serikali na wafadhili, Benki ya Dunia wakiongoza, walianzisha mradi mkubwa wa umwagiliaji. Mpango ulikuwa hekta 6,700 na familia zaidi ya elfu tano, wasio na ardhi kutoka kila pembe ya Kenya, wapande pamba. Barabara zikachongwa, mifereji ikachimbwa, pampu zikafungwa Nanigi. Gharama ikapanda, ukubwa ukashuka mpaka karibu hekta 2,500, na mradi ukaingia kwenye orodha ya miradi ya maji iliyokuwa ghali zaidi duniani ukihesabu kwa kila familia. Pampu zikawa zinakufa katikati ya msimu. Mwisho wa miaka ya themanini watu walikuwa wanaangalia mifereji mikavu.

Na familia hizo zote zilikuwa zinapika kwa nini? Kuni. Msitu wa kingo za Tana ni utepe mwembamba, miti mirefu imesimama kwenye maji ya chini ya mto, huku nje ni jangwa. Humo ndimo wanamoishi nyani wawili wasiopatikana mahali pengine popote duniani: mbega mwekundu wa Tana na mangabey wa Tana. Hifadhi yao ilitangazwa 1976, miaka michache tu kabla ya mradi. Yaani mkono mmoja wa serikali unatangaza hifadhi, mkono wa pili unaleta maelfu ya majiko jirani yake. Msitu ukaanza kuliwa.

Walipoona hivyo wakaja na dawa: pandeni kuni. Wafini wakafadhili mashamba ya miti ya kuni Bura, na kati ya miti iliyopandwa ni mmoja ambao kila mtu wa Garissa anaujua kwa jina na kwa kovu. Mathenge. Prosopis. Ilikuwa imeletwa Kenya mwaka 1973 kule Bamburi, Mombasa, kufunika machimbo ya saruji, halafu miaka ya themanini ikasambazwa Baringo, Hola, Bura. Mti mzuri kwenye karatasi. Unakua haraka, hauombi maji.

Leo mathenge imeziba njia za malisho, imeziba njia za kwenda kunywesha mifugo mtoni, inatoboa matairi ya bodaboda, na mbuzi wakila maganda yake meno yanaoza. Jamaa wa Baringo, Wailchamus, waliishtaki serikali kwa ajili ya huo mti na wakampeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Nikisimulia hii kwa marafiki wangu wa Nairobi wanadhani natunga. Mimi nikiwa darasa la tano mwiba wa mathenge uliingia kiatu mpaka mguu, nikakaa nyumbani wiki mbili. Sikujua wakati ule kwamba nimechomwa na sera.

Hiyo ndiyo bili ya barabara ambayo haiandikwi kwenye ubao wa mradi. Unafungua msitu kwa pesa ya umma, unalipia kuufungua, halafu unalipia kuponya ulichofungua, halafu unalipia dawa yenyewe imekuwa ugonjwa.

Na sasa zamu ni ya Boni.

Msitu wa Boni uko kusini kwetu, Ijara, unaingia Lamu na kushika mpaka wa Somalia. Boni ni hifadhi ya taifa tangu 1976, Dodori jirani yake mwaka uleule. Hirola, yule swala mwenye alama ya miwani, anaishi maeneo hayo ya Ijara na wamebaki chini ya mia tano duniani. Jamii ya Ishaqbini wamewatengea hifadhi yao wenyewe na mwaka 2012 wakawajengea ua. Wenye msitu ni Waaweer, warina asali ambao humfuata ndege wa asali mpaka kwenye mzinga. Wakati wa vita vya Shifta walitolewa ndani ya msitu na kuwekwa vijijini kando ya barabara: Bodhei, Milimani, Basuba, Mangai, Kiangwe. Mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima. Septemba 2015 ikaja operesheni ya kijeshi, Linda Boni. Ilisemwa ni siku tisini. Ilienda miaka, na shule na zahanati za vijiji hivyo zikafungwa.

Sasa kuna barabara za LAPSSET. Kilomita 257 kutoka Lamu kupitia Ijara mpaka Garissa, 113 kutoka Hindi kupitia Bodhei na Basuba mpaka Kiunga, na 83 kutoka Ijara kupitia Sangailu mpaka Hulugho. Jumla 453. Wajenzi wameshambuliwa, watu wameuawa, kazi imesimama na kuanza.

Abti alidhani nitakataa hizi pia. Hapana. Mama mjamzito wa Basuba anahitaji barabara kuliko mimi ninavyohitaji kuwa na msimamo safi. Mwanafunzi wa Hulugho pia. Hiyo ni barabara ya watu kufikia watu, na tumeidai tangu 1963. Wekeni mkeka, leo kama mnaweza.

Ninachohofia ni vile vijia vya pembeni vitakavyochipuka kutoka kwenye lami. Boni ina mbambakofi, mbao ambayo Lamu imechonga milango kwayo tangu zamani. Ina miti mizuri kwa makaa, na sisi huku hatuhitaji kufundishwa kuhusu makaa. Ng'ambo ya mpaka makaa ya Kismayu yalikuwa biashara kubwa ya kwenda Ghuba hivi kwamba Umoja wa Mataifa ulipiga marufuku kuyauza nje Februari 2012. Lori likiweza kufika, soko litalifuata. Mtu atakuja na barua kwa kaunti: tupigieni greda kilomita kumi tu, kuna vijana watapata kazi. Na greda litakuwa la umma, na dizeli ya umma, na pesa itatoka kwenye ule ushuru wa kudumisha barabara ambao tangu Julai 2024 tunalipa shilingi 25 kwa kila lita ya mafuta. Abti mwenyewe anajaza tangi la lori kila wiki. Piga hesabu, abti. Unachangia zaidi yangu.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo, na linaweza kuandikwa kwenye sheria ya kaunti kwa sentensi mbili. Kilomita za umma zihesabiwe kutoka kijiji hadi kijiji, zahanati hadi zahanati. Njia yoyote inayoishia kwenye mti badala ya nyumba, anayetaka mti ailipie yote, na kuifunga tena akimaliza, kwa dhamana aliyoweka benki kabla tingatinga halijawashwa. Tuone ni wangapi watabaki wanadai kwamba biashara inalipa.

Nilimtumia abti haya yote kwa sauti, dakika kumi na moja, akanijibu baada ya siku mbili akiwa Mwingi. Akasema kule Elburgon kulikuwa na mzee wa Kiogiek aliyekuwa akikaa kando ya ile njia ya greda, na kila lori likipita ananyoosha mkono na kuhesabu kwa vidole. Walikuwa wanamcheka, wakidhani ni kichaa. Abti anasema hajui alikuwa anahesabu malori au magogo, na kwamba hakuwahi kusimama kumuuliza.

Halafu akauliza deni la pampu ya ayeeyo limebaki ngapi.

Elfu kumi na nne, nikamwambia. Akasema atatuma nusu Ijumaa.